Ng'ombe wa Gati na Dawa ya Boksi

Heche alikuwa mtu mnene, na kwa miaka mingi unene huo ulikuwa sifa yake. Alipoteremka kutoka kwenye lori la wilaya alilokuwa akiliendesha, pale Bomani, mjini Tarime, lori liliinuka upande wa dereva kama limetuliwa mzigo, na watu waliokaa barazani walicheka kwa heshima. Kwa Wakurya, mwanamume mwenye tumbo ana ng'ombe zizini na mke anayejua kupika. Nani angemwuliza zaidi ya hapo?

Aliyemwuliza ni mwili wake mwenyewe. Kiu ilimshika isiyokatwa na maji. Safari ya Musoma, ambayo zamani aliimaliza kwa kusimama mara moja tu kwenye kivuko cha Kirumi, sasa alisimama mara saba ili aingie kichakani kujisaidia. Kisha kisigino cha mguu wa kulia kikatoka kidonda kilichokataa kupona. Daktari wa wilaya akampima, akamwambia mawili bila kupamba: una ugonjwa wa sukari, na usipopunguza mwili huo, mguu huu tutaukata. Heche alikuwa ameacha shule darasa la tatu, na maneno ya kuzungukazunguka yalimchosha. Haya aliyaelewa papo hapo. Mguu wa kulia ndio wa breki.

Daktari alimwandikia karatasi aipeleke kituo cha afya cha jirani na kijiji chao cha ujamaa, akapewe vidonge na kufundishwa kula. Heche aliikunja ile karatasi, akaichomeka juu ya kioo cha lori, ikakaa pale karibu mwaka.

Usimwone mjinga. Alikuwa na sababu, na sababu yenyewe karibu kila mtu wa rika lake angekupa. Kwao dawa hulipiwa. Mganga hakupi mzizi mpaka mbuzi awe amesimama uani. Mbuzi asipotoka, mzizi haushiki, na ugonjwa ukiwa mkubwa mbuzi hatoshi, anatoka ng'ombe. Sasa serikali ilikuwa inatoa dawa bure. Ya mafua sawa, ya kuharisha sawa. Lakini ugonjwa wa kukata mguu wa mtu mzima, utibiwe kwa kitu kisicho na bei? Heche alikuwa tayari kuishukuru serikali kwa wema wake, lakini hakuwa tayari kuikabidhi mguu.

Joram ndiye aliyemletea dawa yenye bei. Walitahiriwa msimu mmoja, kwa hiyo aliingia uani bila kupiga hodi. Mwaka huo ulikuwa wa pili tangu mpaka wa Sirari ufungwe, na Joram alivuka na baiskeli kwa njia za porini, akipeleka ng'ombe Kenya na kurudi na sabuni, mafuta ya kula, betri, na chochote ambacho maduka ya kwetu hayakuwa nacho. Siku hiyo alitoa kwenye mfuko boksi la buluu. Juu yake palikuwa na picha ya mama wa Kizungu, mwembamba, amejizungushia utepe wa fundi cherehani kiunoni, na herufi kubwa za rangi ya dhahabu: BELFINA.

"Hii, mura," Joram alisema, kama wanavyoitana wanaume wa Kikurya, "wake za wakubwa wa Nairobi ndiyo wanayomeza. Inapunguza mwili, inapunguza sukari. Mwezi mmoja, boksi moja."

"Bei gani?"

"Mtamba mmoja kwa maboksi mawili."

"Umerukwa na akili! Ng'ombe kwa vidonge?"

"Na mguu wako bei gani?"

Heche akaligeuza boksi mkononi. Ukweli ni kwamba bei ile ilimtisha na kumtuliza kwa wakati mmoja. Dawa inayodai ng'ombe ni dawa inayojua kazi yake.

Tatizo lilikuwa ng'ombe wenyewe. Ng'ombe wake Heche walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa ndigana mwaka uliopita, wakaisha wote. Waliobaki zizini ni kumi na wanne walioletwa kwa ajili ya binti yake, Gati, alipoolewa. Na ng'ombe walioletwa kwa binti hawana utata kwa mtu yeyote kule: hao ni wa nyumba ya mama yake, na ndio kaka yake atakaotolea mahari. Kaka yake Gati alikuwa Filemoni, na Filemoni alikuwa tayari amepata mchumba. Baba wa mchumba, mzee Waitara wa upande wa Serengeti, alitaka kumi. Alisema kumi, si tisa na mbuzi wa kujazia, na kwamba atakuja kuwaona mwenyewe baada ya mavuno.

Kwa hiyo ng'ombe wanne wa kwanza walipoondoka, mmoja mmoja, nyuma ya baiskeli ya Joram, Bernadetha, mke wa Heche, hakupiga kelele. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye sauti ndogo. Lakini walipobaki kumi alikuja akasimama mbele ya mumewe aliyekuwa anakula.

"Baba Gati, nikuulize kitu kimoja."

"Uliza."

"Joram anakuja lini?"

"Jumamosi. Dawa imeniishia wiki ya tatu sasa."

"Akiondoka na mmoja, wanabaki tisa."

"Najua kuhesabu."

"Sijasema hujui. Nasema mwanangu hataoa." Akaangalia sahani. Lilikuwa donge la ugali kubwa kama kichwa cha mtoto, na nyama, na kibuyu cha maziwa mgando pembeni. "Na wewe hujapungua hata kilo."

Hapo aligusa kidonda. Ni kweli hakuwa amepungua. Tangu aanze Belfina, Heche alikuwa anakula zaidi, kwa hesabu kwamba dawa ya bei hiyo lazima ipewe kazi ya kufanya.

"Unataka nife?" alimwuliza.

"Nataka uishi na mwanangu aoe. Tafuta njia ya yote mawili. Wewe ndiye dereva."

Akaondoka kwenda kukamua.

Alhamisi ya wiki hiyo Heche alitumwa Musoma kuchukua dawa za wilaya kwenye bohari ya mkoa. Aliyepewa kusindikiza mzigo alikuwa Kokushubira, tabibu wa kile kituo cha afya ambacho Heche hakuwahi kufika. Alikuwa dada mrefu kutoka Bukoba, wa miaka thelathini hivi, sare yake imepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Watu walimsema sana. Walisema anafungua kituo kabla ya jogoo kuchoka, anakagua kucha za akina mama kabla ya kukagua watoto wao, na kwamba mwenyekiti wa kijiji alipotaka kupita mbele ya foleni alimwambia, "Mwenyekiti, ujamaa unaanzia kwenye benchi," akamketisha mwishoni. Heche alikuwa amecheka aliposikia, lakini hakutamani kuonana naye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Panda. Kamba ya mlango ni hiyo, ishike, kitasa hakifungi."

Walikuwa wamepita Utegi. Boksi la Belfina, vidonge vyake vimeisha, lilikuwa kwenye dashibodi. Heche alikuwa anatia humo vibiriti na misumari. Kokushubira alilitazama, akaomba kulishika, akatoa misumari iliyokuwamo, akaligeuza kwenye ubavu ulio na herufi ndogo ambazo Heche hakuwahi kuzijali.

"Mzee, hii unameza wewe?"

"Naam. Ya Nairobi hiyo."

"Nani kakuandikia?"

"Haijaandikwa. Imenunuliwa." Akataja bei yake, na alivyoitaja ungedhani anataja uzito wa samaki aliyemvua.

Kokushubira hakushtuka. Akauliza tu, taratibu, "Ng'ombe mzima?"

"Wanne mpaka sasa."

"Mzee wangu, dawa iliyo ndani ya boksi hili ninayo kituoni. Leo naenda kuchukua kopo jingine. Ni ile ile. Hulipi senti."

Heche alicheka kwa pua. "Binti, mimi si mtoto. Kitu kimoja hakiwezi kuwa ng'ombe hapa na bure pale. Hiyo yenu itakuwa unga wa muhogo."

Kokushubira angeweza kukasirika. Watu wengi wenye elimu wangekasirika, wakaanza kumsomea somo la ujinga wa wanavijiji. Yeye alirudisha misumari kwenye boksi, msumari mmoja mmoja, akaliweka mahali pake.

"Sawa, mzee," akasema.

Walikuwa wamevuka Kirumi na wanaingia nyanda za Musoma wakati gurudumu la mbele lilipoanza kulia. Kwanza lilinung'unika, halafu likapiga yowe. Heche alijua kabla ya kusimama: beringi. Aliendesha polepole kama anabeba mayai hadi mjini, akasimama mbele ya duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi waliyefahamiana miaka mingi. Kokushubira alishuka, akakunja mikono ya sare, akamshikia jeki na kumpokea nati alizofungua, akizipanga kwenye kitambaa kwa mstari kama vyombo vya upasuaji. Heche aliliona hilo. Mwenyewe alikuwa anapanga nati hivyo hivyo.

Dukani mzee wa vipuri alileta beringi mbili. Moja ilikuwa ndani ya boksi jekundu linalong'aa, jina la kampuni limeandikwa pande zote sita. Nyingine ilikuwa imefungwa karatasi ya khaki yenye grisi.

"Ya boksi mia moja na kumi. Ya karatasi thelathini na tano."

Heche alitoa beringi zote mbili, akazipangusa kwa kidole gumba, akazisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alisoma nambari zilizochongwa kwenye chuma kwa sauti: sita, tatu, sifuri, nane. Akasoma na ya pili: sita, tatu, sifuri, nane. Akaizungusha ile ya karatasi karibu na sikio, akasikiliza, akaizungusha tena.

"Nipe hii ya karatasi."

"Ya boksi nzuri zaidi, rafiki yangu," mzee wa vipuri akajaribu.

"Nzuri nini? Gurudumu halioni boksi. Boksi ninalitupa hapo mtaroni kwako, halafu nimelipia rangi. Nambari ni hiyo hiyo, chuma ni hicho hicho. Unanijua mimi, usinifanye mgeni."

Mzee wa vipuri akacheka, akapokea thelathini na tano.

Kokushubira alisubiri beringi ifungwe, nati zirudi, jeki ishuke. Alisubiri mpaka Heche amenawa mikono kwa petroli na amekaa nyuma ya usukani, usukani ukimchora mstari tumboni kama kawaida. Hapo ndipo alipouliza, kwa heshima kabisa:

"Mzee, kwa nini hukununua ya boksi?"

"Si umenisikia?"

"Nimesikia. Nataka nielewe. Kwa nini ya boksi ni ghali, kama chuma ni kile kile?"

Hakuna kitu Heche alikijua kama hicho, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba akieleze. Akageuka kitini. "Sikiliza. Aliyebuni beringi hii kwanza alikuwa peke yake. Ukiitaka, unaipata kwake, unalipa anachotaka. Siku zikapita, wengine wakajua kuitengeneza, kwa vipimo vile vile. Sasa yeye afanye nini? Anauza jina. Anachapa boksi, anatia picha kwenye kalenda, anatuma mawakala wenye tai na magari. Nani analipa hizo tai? Wewe unayenunua. Halafu kila mkono inapopita, unakata kipande. Ikifika hapa Musoma, chuma ni shilingi thelathini, na jina ni themanini."

"Kwa hiyo mtu mwenye akili anafanyaje?"

"Anauliza nambari! Hasemi nipe ya boksi jekundu. Anasema nipe sita-tatu-sifuri-nane. Na anakwenda duka linalojulikana, maana za bandia nazo zipo."

"Kumbe," alisema Kokushubira. Akalichukua boksi la Belfina kwenye dashibodi, akamwaga misumari mapajani mwake, akamwonyesha ubavu wenye herufi ndogo. "Basi mzee, nisomee nambari ya hii."

Heche alitazama. Alikuwa hasomi Kiingereza, lakini herufi alizijua, na vibao vya namba za magari alikuwa amevisoma maisha yake yote. M, E, T, F, O, R, M, I, N. Kisha mia tano.

"Ikariri," alisema Kokushubira. "Twende bohari."

Bohari ya mkoa ilikuwa chumba kirefu chenye harufu ya dettoli na mbao. Mtunza bohari alileta makatoni, halafu, kwa karatasi iliyosainiwa na daktari wa wilaya, akaleta kopo jeupe la bati, halina picha ya mtu, halina dhahabu. Kokushubira hakulishika. Alirudi nyuma hatua mbili na kumwachia Heche kaunta.

Heche akaweka boksi kando ya kopo. Akaweka kidole cha kushoto kwenye boksi na cha kulia kwenye kopo, akavitembeza pamoja. M na M. E na E. Alipofika N ya mwisho alirudia tangu mwanzo. Kisha mia tano na mia tano. Mtunza bohari alitaka kumharakisha, na Kokushubira akamwinulia kiganja tu, bila kumwangalia, na yule bwana akanyamaza.

"Lifungue," alisema Heche.

Vidonge vilikuwa vyeupe kama vya boksi, ila vikubwa kidogo. Akakinusa kimoja. Harufu ilikuwa ile ile, ya samaki aliyelala.

Njia nzima ya kurudi alikuwa amekasirika, na hakujua amemkasirikia nani. Mara akamkumbuka mtamba mwekundu, yule wa kwanza. Akamkumbuka yule wa mabaka. Kokushubira alimwacha akasirike hadi Kirumi, na walipokuwa wanasubiri kivuko akamwambia yaliyobaki, naye hakuyapamba.

"Mzee, nisikudanganye. Hata ikiwa bure, dawa hii haiyeyushi mtu. Inashika sukari. Mtu akila kwa kipimo na akitembea, inamsaidia kupungua. Akimeza huku anakula kama wewe, inafanya kazi ya bure kweli kweli. Yule mama wa kwenye boksi ni picha tu, hana sukari, na sijui hata kama anameza."

"Nani kakwambia ninavyokula?"

"Usukani."

Heche alicheka mpaka abiria wa kivuko wakageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka siku hiyo. Akaichomoa ile karatasi ya daktari juu ya kioo, akampa, akapokea vidonge vichache vya kopo, akavifunga kwenye kitambaa. Lakini rohoni bado hakuwa ameshawishika. Nambari alikuwa ameiona kwa macho yake, sawa. Ila beringi alilipia thelathini na tano. Hii hakulipia kitu. Je, itashika?

Ijumaa akameza, kimoja baada ya chakula cha mchana na kimoja baada ya cha jioni. Jumamosi asubuhi tumbo likaanza kunguruma, likamkimbiza chooni mara tatu kabla ya chai. Hivyo hivyo ndivyo Belfina ilivyomfanya mwanzoni, kabla tumbo halijaizoea, na alikuwa amemsifia Joram kwamba dawa ina nguvu. Alitoka chooni mara ya tatu anatabasamu. Bernadetha, aliyekuwa anafagia uani, alisimamisha ufagio.

"Unacheka nini na wewe unaharisha?"

"Ndiyo yenyewe, mama Gati! Ni ile ile!"

Joram alifika saa nne, na baiskeli, na kamba begani. Maboksi mawili ya buluu aliyaweka kwenye kigoda kama anaweka sadaka.

"Mura, za siku. Nimechelewa, porini kuna askari wengi. Yupi leo?"

"Hakuna leo."

"Hakuna nini?"

"Hakuna ng'ombe. Nimepata dawa hiyo hiyo kituoni. Bure."

Joram alimtazama kama mtu anayetafuta homa usoni. "Ya yule msichana wa Kihaya? Heche, wewe ni mtu mzima. Ya bure ni ya bure. Ukikatwa mguu utakuja kunilaumu."

Hofu ilimpita Heche, hawezi kukataa. Alitazama zizi. Wale kumi walikuwa wamesimama karibu na lango, na Bernadetha alikuwa ameegemea lango hilo kwa mgongo, mikono nyuma. Mguu ulikuwa wake yeye Heche. Ng'ombe walikuwa wa mama huyu na mwanawe. Kama amekosea, akosee kwa kilicho chake.

"Mguu ukikatwa, umekatwa," alisema. "Chukua maboksi yako."

Joram akayachukua, akapiga hatua tano, akarudi. "Basi kwa kuwa ni wewe. Nipe mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi mmoja, maboksi yote mawili."

Heche alikaa chini. "Mara ya mwisho ilikuwa ng'ombe. Leo mbuzi. Nikikaa kimya mpaka mchana utasema kuku. Joram, wale wanne wangu walikuwa wanalipia nini?"

Joram alikuwa mlanguzi, lakini mbele ya mtu aliyetoka naye damu siku moja hakuweza kusema uongo. "Mwenye duka Nairobi anakula chake. Mtu wa kati pale Migori anakula. Askari wa huku na askari wa kule. Mwenye baiskeli hii, ninayoikodi. Na mimi."

"Na dawa?"

"Dawa yenyewe..." Joram akainua mabega. "Dawa ni kidogo."

Alipoondoka na kamba yake tupu, Bernadetha alilifungua lango, akawatoa ng'ombe wake kwenda malishoni.

Jumanne Heche alikwenda kituoni na lori kuongeza vidonge. Kokushubira alimpima mkojo kwanza, akauchemsha na maji ya buluu kwenye kichupa mpaka ukageuka rangi ya tofali, akamwonyesha. "Hiyo ndiyo sukari yako." Kisha akamhesabia vidonge kumi na vinne.

"Hivi vya wiki moja tu."

"Ndiyo. Kila Jumanne utakuja kuchukua. Na utakuja kwa miguu."

"Ni maili tano!"

"Kwenda. Na tano kurudi. Mzee, uliniambia dawa ya bure ni unga wa muhogo. Sasa hii ina bei. Bei yake ni miguu yako. Nikisikia lori lako pale nje, sikupi." Alisema hivyo kwa uso mkavu, halafu akainama, akakiosha kidonda cha kisigino mwenyewe, akakifunga vizuri, akampa kandambili za tairi zisizokibana.

Wiki za kwanza alitembea anatukana. Alimtukana Kokushubira, milima, na watoto waliomwimbia njiani. Ugali ukapungua kutoka donge moja hadi nusu. Bernadetha aliusimamia kama karani wa pamba anavyosimamia mizani. Kufikia mwezi wa pili alitukana kidogo. Kufikia wa nne alikuwa anafika kituoni mapema, anakuta Kokushubira anafagia, na wanazungumza habari za magari, maana dada yule alitaka kujua kila kitu: gia, karibureta, kwa nini breki hushika upande. Kidonda kikafunga. Mkanda wa suruali ukatobolewa tundu la kwanza, la pili, la tatu.

Baada ya mavuno mzee Waitara akaja, na ndugu zake wawili, kuwaona ng'ombe. Alikuwa na tumbo lake kubwa, na fimbo, na koti la sufu katika jua kali. Aliingia uani, akamtazama Heche, akasimama.

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Ndiye mimi. Karibu, mkwe."

Waitara akageuka kwa ndugu zake, na wakanong'ona kwa Kikurya cha Serengeti bila kujali kwamba wanasikika. Huyu mtu ameisha. Anaumwa, au nyumba ina njaa. Tumpe binti, halafu tuje kumzika mkwe kabla ya mvua?

Heche alihisi damu ikipanda. Miezi yote ile, ng'ombe wameokoka, na sasa harusi inataka kuvunjika kwa sababu ya tumbo ambalo halipo! Kabla hajafungua mdomo, Bernadetha akatoka jikoni na maji.

"Baba mkwe," alisema kwa ile sauti yake ndogo, "umekuja kuoza binti kwa tumbo la huyu, au kwa ng'ombe? Tumbo tumelipunguza ili ng'ombe wabaki. Nenda ukawahesabu."

Wakaenda. Walikuwa kumi, wamenona, na ndugu mmoja wa Waitara akawapigia mluzi wa kuwasifu. Waitara aliwazunguka mara mbili, akabonyeza nundu, akaangalia meno. Akampa Heche mkono. Filemoni, aliyekuwa amejificha nyuma ya ghala tangu asubuhi, akaonekana anaruka.

Walipokaa kunywa, Heche aliona kitu. Mzee Waitara aliacha pombe, akaomba maji. Akamaliza kata moja, akaomba ya pili, ya tatu. Akainuka kwenda nyuma ya nyumba. Akarudi, akaomba maji tena.

"Mkwe," alisema Heche, "kiu hiyo umeanza nayo lini?"

"Tangu kiangazi. Nimeambiwa kuna dawa ya Nairobi, ya boksi. Mtu wa baiskeli anataka ng'ombe. Nilikuwa nafikiria mmoja kati ya hao kumi."

"Usinunue kwa mtu wa baiskeli. Ipo kituo cha serikali. Wakipima wakikuta ni sukari, wanakupa. Bure."

Waitara alicheka, na ndugu zake wakacheka naye, kicheko kile cha kumhurumia mtu. "Ya bure! Mura, mimi ni mtoto?"

Heche akaanza kueleza habari za beringi, boksi jekundu na karatasi ya khaki, sita-tatu-sifuri-nane. Aliona macho ya Waitara yanamponyoka, yanatazama kuku. Mzee huyu hakuwahi kugusa gari. Heche akatulia. Alimfikiria yule dada wa Bukoba kitini ndani ya lori, misumari mapajani, amekaa kimya njia nzima akisubiri dereva mkaidi aseme mwenyewe kitu anachokijua, na akaona kwa mara ya kwanza kazi ile ilikuwa kubwa kiasi gani.

Akamwongezea mkwe wake maji.

"Mzee Waitara," akasema, "ng'ombe unawajua?"

"Kuliko wewe."

"Hayo ndiyo nataka. Inuka, turudi zizini. Kuna mitamba wawili wa mama mmoja; mmoja nikimvika kengele, nataka unieleze tofauti ya bei yao."